Kanuni ya Saba ya Mzee Geng

Nilifagia Terminali ya Tatu pale Heathrow miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo nimeona ndege laki sita zikitua. Zipo zilizotua kwa kishindo mpaka ufagio ukaniruka mkononi. Zipo zilizotua polepole kama mama anayelaza mtoto asimwamshe. Lakini kitu kilichowahi kuteremka kutoka juu kwa heshima kuliko vyote hakikuwa ndege. Kilikuwa Mzee Geng Xiulin, aliyekuwa naibu gavana wa jimbo zima huko China, kisha mwenyekiti wa wapangaji wa jengo letu hapa Thamesmead: ghorofa kumi na mbili, lifti moja, nayo mbovu.

Mzee Geng alianguka mara mbili, mara moja kule na mara moja hapa. Hii ya hapa mimi ndiye niliyemsukuma, kwa hiyo mniachie niisimulie.

Tulikutana ngazini. Nilikuwa ghorofa ya nne, mfuko wa viazi begani, natukana lifti kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza hakina matusi ya kutosha mashine. Nyuma yangu sauti ikasema, taratibu, kama mtangazaji wa redio wa zamani:

"Ndugu, tangu dunia iumbwe, matusi hayajatengeneza injini hata moja."

Viazi vilifika chini kabla yangu. Nikageuka nikaona Mchina mzee, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, chupa ya maji ya moto mkononi.

"Kiswahili umekitoa wapi?" nikauliza.

"Kwenye reli," akasema. "Nilikuwa mkalimani wa mafundi wetu Tanzania, tulipojenga reli ya kwenda Zambia. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitafsiri maneno 'leta nyundo' mara elfu tisa."

Siku hiyo tuliokota viazi pamoja, na tangu siku hiyo akaniita Ndugu. Mimi ni Kizito, Mkongomani wa Uvira, na kwetu jina la Ndugu halitupwi ovyo.

Habari za kupanda kwake alinisimulia vipande vipande, na pale alipoacha mwanya mimi nimeuziba, maana kazi yangu maisha yote ilikuwa kutoacha sakafu na mapengo. Alirudi kwao akapewa wilaya ambayo hakuna aliyeitaka. Mawe yalikuwa mengi mpaka mbuzi walizaliwa na kwato za chuma. Katikati ya wilaya kulikuwa na mto mkali bila daraja. Watoto walivuka kwenda shule wakining'inia kwenye waya, mmoja mmoja, mdogo amefungwa kifuani mwa mkubwa. Wakubwa wa barabara mjini walikuwa wameandika ripoti kumi na tisa kuhusu waya ule.

Geng hakuandika ya ishirini. Aliwaita wahandisi wote kwenye mkutano, akaandaa chai nzuri, na mahali pa mkutano akapaweka ng'ambo ya mto.

"Walifikaje?" nikamuuliza.

"Kwa waya," akasema, na macho yakamcheka. "Mhandisi mkuu alipoteza suruali. Iliondoka na mto. Tulimpa blanketi, akaongoza mkutano vizuri sana."

Daraja likasimama kwa miezi tisa. Ndipo akaanza kupanda: kutoka wilaya akapewa mkoa, na kutoka mkoa jimbo. Kila alipokwenda alibeba ujuzi huo mmoja tu, kwamba mkutano ufanyiwe pale penye tatizo. Kama kijiji hakina maji, wakubwa wanaitwa kijijini na hawapewi kikombe. Mimi nimewahi kusikia wanasiasa wengi wakihutubia. Huyu ndiye wa kwanza niliyesikia kwamba aliwatembeza.

Kwa nini alianguka hakuniambia. Nilijua tu kwamba alikaa gerezani miaka minne, na binti yake, daktari wa meno, akamleta hapa akae naye.

Sasa nirudi kwenye lifti, maana hiyo ndiyo kesi yenyewe. Ghorofa ya kumi na moja anakaa Mama Raïssa, mama mzazi wa jirani yetu Léocadie. Miguu yake haimbebi. Lifti ilipokufa, alibaki juu. Wiki zikawa miezi, miezi ikafika saba. Alikuwa akiteremsha kikapu dirishani kwa kamba ndefu kama barua ya wakili, nasi tunaweka mkate, dawa na habari za kanisani. Siku moja kilipanda na paka wa mtu. Akamlaza siku mbili, akamshusha amenenepa. Tulicheka sana. Lakini mara moja niliingia kumpelekea unga nikamkuta ameweka kiti dirishani, anatazama chini, akaniambia, "Kizito, unajua ninatamani nini? Si kanisa, si soko. Kukanyaga tu udongo." Kampuni yenye nyumba ilikuwa inatuandikia barua za pole, nzuri, zenye nembo.

Kwa hiyo tulipomchagua Mzee Geng kuwa mwenyekiti, ilikuwa kwa ajili ya jambo moja tu. Mikono yote ilipanda isipokuwa wa Harjit Singh, Singasinga wa Kisumu, dereva mstaafu wa basi, ambaye mwenyewe alitaka kiti hicho na akapewa cha makamu. Wakongomani wakaanza kumwita Présida saa hiyo hiyo.

Kazi yake ya kwanza Présida alinikalisha mezani, mimi katibu wake, akanisomea kanuni kumi za chama. Niliandika zote kwa mkono wangu. Ya saba ilisema: Ni marufuku picha, sanamu au maonyesho yoyote ya kumtukuza kiongozi. Kiongozi akiruhusu, anaondoka siku hiyo hiyo.

"Hii ya nini, Mzee? Nani atakuchongea sanamu Thamesmead?"

"Andika tu, Ndugu Katibu."

Nikadhani ni adabu za Kichina. Nikaandika.

Kazi yake ya pili ikawa kumwalika meneja wa kampuni, dada mmoja makini aitwaye Siham, kwenye kikao cha wapangaji. Barua ilitaja saa, ilitaja chai, ilitaja namba ya fleti. Haikutaja kwamba fleti hiyo ni ya Mama Raïssa.

Siham alifika juu viatu mkononi. Alikaa dakika tano hawezi kusema jina lake. Mama Raïssa akampa maji, akampa sombe ya majani ya muhogo na samaki, akamwita "binti yangu". Présida hakulalamika hata neno moja. Hakutaja lifti. Alisimama tu, akafungua karatasi, akamkabidhi bendera nyekundu ya hariri yenye mashada ya dhahabu, ile ambayo kwao wananchi wanampa mkubwa aliyewatendea wema. Imeandikwa: Shukrani kwa kampuni kwa kututengenezea lifti mpya mwezi wa Aprili.

Ulikuwa mwezi wa Februari.

"Lakini hatujai..." Siham akaanza.

"Tunawaamini," Présida akasema kwa Kiingereza chake cha shule, akainama.

Tukapiga makofi. Mama Raïssa akapiga vigelegele vilivyotikisa vioo. Tukapiga picha, Siham katikati na bendera, nayo ikasambaa kwa wakubwa wake wote kabla hajafika ghorofa ya sita akishuka. Wakubwa walipongezana kwa wiki nzima. Baadaye mtu akauliza lifti yenyewe iko wapi, na hapo ikawa hakuna pa kukimbilia. Siham akatuandikia: mkataba uko tayari, ataleta mwenyewe kwenye mkutano mkuu, Jumamosi saa nane mchana, mwenyekiti atie sahihi mbele ya wapangaji, mafundi waanze Jumatatu.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Léocadie alinikamata mlangoni. "Papa Kizito, lete foto ya Présida."

"Ya nini?"

"Ya kikwembe! Mutu anatuletea lifti na sisi tumuvalie nini, manguo ya kazi? Kule kwetu hata padri akitimiza miaka kumi anatolewa kikwembe. Ao unataka Wachina waseme hatuna shukrani?"

Kanuni ya saba ilikuwa ndani ya daftari langu, kwa mwandiko wangu. Wala sikuifikiria. Kwetu picha ni ile ya ukutani na sanamu ni ile ya uwanjani. Kikwembe, yaani kitenge, ni nguo. Unakivaa, unakifua, unambebea mtoto. Nikampiga Mzee picha akiikagua lifti, uso mkali, mzuri, nikapanda treni na mabasi mpaka Hounslow kwa Sunil anayechapa vitambaa. Akamweka Mzee ndani ya duara, milango ya lifti imefunguka kulia na kushoto kwake kama mabawa, na chini yake MERCI PRÉSIDA. Watu arobaini na wawili waliagiza. Lila, fundi wetu wa kushona, hakulala siku nne.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye benchi kando ya ziwa, mimi na Mzee, bata bukini wanatutukana. Nikamuuliza kwa raha zangu, maana nilikuwa nimefurahi, "Mzee, hebu niambie sasa. Walikuangusha kwa kosa gani?"

Akajimiminia maji ya moto.

"Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, nilipokea jiwe la kusagia wino, la kale, zuri mno, kutoka kwa mkandarasi. Nilijua si halali. Nilipenda kuandika, na nikalipenda jiwe. La pili lilikuwa sanamu."

Bata wakanyamaza. Naapa walinyamaza.

"Watu wa ule mto," akasema, "walichonga sanamu yangu kwa jiwe la mtoni, wakaisimamisha penye daraja. Chama chetu hakina mzaha na jambo hilo. Nikaenda mwenyewe na watu wenye nyundo kuibomoa. Nikamkuta bibi mmoja anaiosha uso kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Hakunitambua, maana sanamu ilikuwa nzuri kuliko mimi. Aliniambia, 'Subirini kidogo nimalize masikio.' Nikasubiri. Alipomaliza masikio akaanza shingo. Ndugu Katibu, niliwaambia watu wa nyundo waingie garini, tukaondoka. Sikumwambia bibi yule asante, sikumwambia acha. Sikusema kitu. Niliogopa kukataa na niliogopa kukubali. Siku ya kumi na moja wakaja watu watatu wenye mashati meupe."

"Wakakuchukua palepale?"

"Niliwaomba wanywe chai saa moja. Nilikuwa na karatasi ya daraja la pili mezani. Nikaitia sahihi, kisha nikawafuata. Mtu akianguka, kitu kimoja tu cha kuangalia: sahihi imeshakauka au bado."

Nilikuwa nimelowa jasho, na ilikuwa mwezi wa Machi.

"Mzee," nikasema, "kuna kikwembe."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wangapi?"

"Arobaini na wawili. Na Mama Raïssa amepewa kilemba."

"Harjit akiona, atasoma kanuni ya saba. Atakuwa na haki. Mwenyekiti akiondoka kabla ya sahihi, mkataba hauna wa kuusaini, na Mama Raïssa anasubiri uchaguzi mwingine." Akafunga chupa. "Mkutano ni saa nane. Waambie akina mama waje saa tisa."

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Nikamwambia Léocadie saa tisa kamili. Nimeishi na Wakongomani tangu kuzaliwa: ukiwaambia saa tisa, saa kumi wanatafuta viatu. Niliona tumeongezewa muda bure.

Jumamosi hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa letu, Wakongomani waliwahi.

Saa nane na dakika kumi, Siham ameketi mbele na mkataba, Harjit anasoma kumbukumbu za mkutano uliopita kwa sauti ya kutangaza vituo vya basi, nikasikia ngoma uani. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Mzee Geng arobaini na wawili walikuwa wanavuka nyasi wakicheza. Kwenye migongo mikubwa alikuwa mnene, kwenye mabega alikuwa amekunja uso. Nikaweka mgongo wangu mlangoni, nikaushikilia.

"Fungua, Papa Kizito!" Léocadie anagonga. "Tumekuja mbele ya saa! Utatusifu!"

"Subirini kidogo, mama!"

Présida alikuwa ameshaelewa. "Ndugu Harjit, naomba jambo la sita liwe la kwanza. Sahihi."

"Hapana, Mwenyekiti. Sisi tuko la pili. Mambo yaende na laini, moja baada ya lingine." Harjit akageuza kichwa. "Na hizo kelele ni nini?"

Akaja mpaka kwenye kioo. Nikajua tumekwisha. Alitazama nje muda mrefu. Nami nikatazama anapotazama, nikaona: katikati ya akina mama, akicheza vibaya lakini kwa moyo wote, alikuwa Poonam, mke wake, mtandio mabegani, na kwenye mtandio Mzee Geng watatu. Poonam ana magoti mabovu na wanakaa ghorofa ya tisa.

Harjit akapapasa mifuko ya koti.

"Kizito," akasema, "umeona miwani yangu? Mimi bila miwani sioni kitu kabisa."

Miwani ilikuwa puani mwake.

"Sijaiona, bwana Harjit."

"Basi wacha niitafute. Nyinyi endeleeni." Akaenda nyuma kabisa ya ukumbi, akaanza kuinua viti, kimoja kimoja, akitazama chini ya kila kiti.

Siham akafungua mkataba. Présida akatoa kalamu yake. Mtu mwingine angeandika haraka. Yeye aliandika jina lake kama anayemwandikia mama yake, Kichina kwanza, halafu herufi zetu. Akapuliza. Akagusa kwa kidole, akakiangalia kidole. Kikavu.

"Ndugu Katibu," akasema, "mlango."

Nikajitoa. Waliingia kama mto uliobeba suruali ya mhandisi. Siham akaweka mkono mdomoni. Ukumbi mzima ulijaa uso mmoja, kila mahali, mpaka kwenye mgongo wa mtoto mchanga. Na mwenye uso amesimama mbele, mwembamba, vifungo vyote vimefungwa.

"Oh," akasema Harjit kutoka nyuma, "nimeipata miwani." Akaja mbele polepole. Hakufurahi, hilo nalishuhudia. "Mwenyekiti, mimi nauliza tu. Kanuni ya saba inasemaje?"

Nikaisoma. Ngoma ikanyamaza. Léocadie akanitazama kwa jicho ambalo bado nalikumbuka.

"Lakini inasema kiongozi *akiruhusu*," Harjit akaongeza, na sauti ikalainika. "Kama hukuruhusu, waambie wavue hizo nguo, wafunike, watoke. Utabaki kwa kiti. Sisi sote tutaelewa."

"Présida," Léocadie akasema, "tulikosa? Tuvue?"

Nilimwona Mzee Geng akiwatazama, mmoja mmoja, kama anayehesabu madaraja. Kiti alikipenda. Msidhani hakukipenda. Mtu aliyeongoza jimbo na kubakiwa na kengele ya mezani ya mkutano anaipenda kengele ile kama mtoto wa mwisho.

"Kule kwetu," akasema, "mama mmoja aliniheshimu, na mimi nikaondoka bila kumjibu. Nimejuta kwa hilo kuliko jiwe la wino, na hilo la wino lilikuwa kosa kweli." Akavuta pumzi. "Leo najibu. Zimependeza sana. Asanteni. Ndugu Katibu, andika: saa nane na dakika thelathini na moja, mwenyekiti ameruhusu."

"Mzee, tafadhali..."

"Andika. Ni kanuni yangu."

Nikaandika. Mwandiko huo mpaka leo hausomeki. Akaichukua kengele, akaifuta kwa mkono wa koti, akaiweka mbele ya Harjit kwa mikono miwili. Harjit naye akaipokea kwa mikono miwili. Halafu Mzee akashuka hatua tatu za jukwaa, akaketi mstari wa mbele katikati ya nyuso zake mwenyewe, akauliza kama umebaki mtandio mmoja.

Mafundi walikuja Jumatatu. Siku ya mwisho ya Aprili, kama bendera ilivyoahidi, lifti ikapanda mpaka kumi na moja bila kukohoa, na jengo zima likajipanga chini kuisubiri. Mwenyekiti Harjit alikuwa na hotuba ya kurasa nne. Mzee Geng alisimama nyuma kabisa, karibu na mapipa, mtandio shingoni.

Milango ikafunguka kulia na kushoto, kama vile Sunil alivyoichapa. Mama Raïssa alikuwa ndani, kwenye kiti cha magurudumu, amefunga kilemba. Hakungoja hotuba. Alimwambia Léocadie amsukume moja kwa moja mpaka nje, kwenye nyasi, akavua kandambili, akaweka nyayo zake chini. Akakaa hivyo.

Kisha akasema, "Yuko wapi?"

Tukamleta. Aliinama mbele yake, na mimi niliyekuwa karibu niliona yale ambayo miaka minne ya gereza haikuyatoa yakimtiririka mashavuni. Mama Raïssa akafungua kilemba, akamshika kidevu kama mtoto wa shule, akaanza kumfuta uso wake kwa uso wake wa kitambaa.

"Tulia," akamwambia. "Nimalize masikio."

Mzee Geng akanigeukia ghafla, akidhani nimemfundisha maneno hayo. Nawaapia kwa ndege zote laki sita: sikumwambia mtu.